Jembe la Mahari: Historia ya Ufipa kwa Bi Harusi Anayeolewa Bara



Miaka hii binti zetu wa visiwani wanaolewa mbali. Zamani mwari wa Unguja akiolewa Pemba, watu walisema kaenda mbali. Siku hizi tunashona nguo za harusi za mabinti wanaokwenda Mwanza, Kigoma, Songea, na wengine Sumbawanga. Na kila anapotajwa bwana harusi wa bara, hakosi mtu wa kusema, "Masikini, mtoto wetu anapelekwa porini, kwa watu wasio na historia." Maneno haya tumeyasikia chumba cha kushonea, tumeyasikia kwenye mikeka ya kupaka hina, na tumeyasikia kwa watu wazima wenye heshima zao.

Sisi tuna ndugu na marafiki Kaengesa, mkoani Rukwa. Ndugu zetu ni wa upande wa wakwe, na marafiki ni wale wanaotupokea kila tukienda, wengi wao Wakristo, watu wema sana kwetu. Tumekwenda kuwatembelea zaidi ya mara moja. Makala hii ni ya bi harusi anayejiandaa kwenda kule, na pia ya mama yake anayelia usiku. Tunataka ajue anaingia katika nchi ya namna gani.

Tuanze na njia

Kutoka Dar es Salaam basi linapita Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, mpakani na Zambia. Hapo unaiacha barabara kuu na kushika ile ya kwenda Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 za lami. Gari linapanda, masikio yanaziba, na hewa inabadilika. Uwanda wa Ufipa uko juu, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga upo kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kaengesa ni kata katika Wilaya ya Sumbawanga, na wengi wanaijua kwa seminari ya Wakatoliki iliyopo hapo.

Bi harusi, chukua sweta. Chukua na shali nzito ya kuvaa juu ya baibui. Mwezi wa sita na wa saba kule baridi inaingia mpaka mifupani, na sisi tuliozoea joto la Darajani tunaweza kukaa jikoni kutwa kwa sababu ya moto tu.

Ukishuka utaona nchi ya nyasi, miti michache, milima ya mviringo na mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Utaona pia kilimo cha matuta ya mviringo. Wafipa tangu zamani wanafukia nyasi ndani ya tuta zioze ziwe mbolea, msimu unaofuata wanalivunja tuta na kupanda. Kilimo hiki ni kazi ya jembe, na jembe ndilo linalotuingiza katika historia yenyewe.

Wanawake waliokalia kigoda

Kabla ya chuma, tuwasimulie kisa cha wanawake, kwa sababu kinatuhusu.

Wafipa wana masimulizi ya kale kuhusu Milansi, kijiji wanachokihesabu kuwa chimbuko la nchi yao. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alikuwa hapo, na ukoo wake unahusishwa na kazi ya kufua chuma. Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe nyumba na kigoda cha utawala. Wakaja wanawake watatu wageni kutoka mbali, wamechoka na safari. Mke akawapokea, na mmoja wao akakalia kile kigoda. Mtawala aliporudi akakuta utawala umehama. Hawakuchinjana. Walipatana: wageni wakashika utawala wa nchi, na wa Milansi wakabaki na mlima wao na heshima ya kushiriki katika kuwasimika watawala wapya. Kutoka kwa wale wanawake ndipo ulipoanza ukoo wa Twa, uliokuja kutawala falme mbili za Ufipa, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini.

Roy Willis, mtaalamu wa Uingereza aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikiandika kisa hiki na kukichambua katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu namna dola ya Ufipa ilivyojengeka. Wataalamu wanaweza kubishana ni kiasi gani cha kisa ni tukio na kiasi gani ni mfano. Kwa bi harusi funzo liko wazi. Nchi unayokwenda inasimulia kuwa utawala wake ulianza na wanawake wageni waliofika wamechoka na safari, wakapokewa, wakakaa, wakawa wenyeji. Wewe hutakuwa mwanamke mgeni wa kwanza kufika Ufipa.

Tanuri lililoitwa bi harusi

Sasa chuma. Katika uwanda wa Ufipa bado yamesimama matanuri ya zamani ya kuyeyushia chuma. Wenyewe wanayaita malungu, na moja ni ilungu. Ni majengo marefu ya udongo, mengine yanafika mita 3 kwenda juu, membamba kidogo upande wa juu. Ukilitazama kwa mbali unaweza kudhani ni kichuguu kikubwa, na hujakosea sana, kwani udongo wake mara nyingi ulitoka kwenye kichuguu. Udongo ule umesagwa na mchwa mpaka ukawa laini na unaoshikana, ndiyo maana unastahimili moto.

Kazi ilikwenda hivi. Mafundi walichimba mawe yenye chuma ardhini. Walikata miti wakachoma mkaa, mkaa mwingi kupita unavyodhani. Wakajenga ilungu na kuacha matundu kuzunguka chini, na katika matundu hayo wakatia mabomba ya udongo wa kuchoma. Kisha wakapanga ndani mkaa na mawe, tabaka juu ya tabaka, wakawasha. Hakukuwa na haja ya mtu kupuliza. Urefu wa tanuri ulifanya kazi ya bomba la moshi: hewa moto inapanda juu, hewa baridi inavutwa ndani kupitia yale mabomba, na moto unajipuliza wenyewe usiku na mchana. Hakuna aliyewafundisha hesabu ya darasani, lakini walijua upana, urefu na idadi ya matundu.

Kilichotoka humo kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na takataka. Walilivunja, wakalipeleka kwenye tanuri la pili, dogo, ambalo hili lilipulizwa kwa mivukuto, ili chuma kitakate. Baada ya hapo ndipo mhunzi akakipiga nyundo kikawa jembe, shoka, kisu au mkuki. Hatua tatu, moto wa aina tatu, na watu wengi wa kusaidiana.

Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, alifanya utafiti Nkansi katika miaka ya 1990. Alionyesha kuwa malungu hayakuwa peke yake. Kulikuwa na teknolojia nyingine ya kale, katukutu, yenye matanuri mafupi zaidi, na nyingine ya mafundi walioitwa Barongo. Kwa hiyo eneo moja tu lilikuwa na njia tatu za kutengeneza chuma. Watu wasio na historia hawaachi vitu vya namna hiyo ardhini.

Na hapa ndipo tuliposhika vifua, sisi washona nguo za harusi. Wafipa walilihesabu ilungu jipya kuwa bi harusi. Fundi mkuu alikuwa kama mume wake. Chuma kilichozaliwa humo kilikuwa kama mtoto. Kwa siku za kazi, mafundi walijitenga na wake zao, kwa sababu walihesabiwa wako katika ndoa ile nyingine. Wazee waliwaeleza haya watafiti mbalimbali, akiwemo Randi Barndon kutoka Norway, aliyelinganisha mila za chuma za Wafipa na za Wapangwa.

Kulikuwa na dawa na matambiko pia, na hayo si itikadi yetu Waislamu, wala hatuyasifu. Lakini fikra iliyo chini yake tunaielewa. Watu wale walipotaka kueleza jambo gumu, la hatari na lenye baraka kuliko yote waliyoyajua, walichagua mfano wa ndoa. Jiwe linaingia motoni, na kinachotoka ni chombo cha kulisha watoto. Walijua kuwa kitu chema hakitoki bila joto, subira na watu wa kukisimamia.

Jembe lililotolewa mahari

Jembe la chuma lilikuwa mali ya kutunzwa. Sehemu nyingi za magharibi na kusini magharibi mwa nchi yetu, majembe yalikuwa sehemu ya mahari. Binti aliolewa kwa majembe, na ndugu zake waliyatumia kulima, au waliyaweka ili kaka yake naye aoe.

Tukiwasimulia mabinti wa mjini habari hii wengine hucheka. Mahari jembe! Lakini tukumbuke dini yetu. Katika hadithi iliyopokewa na Sahl bin Saad, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuna mtu aliyetaka kuoa akiwa hana kitu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwambia akatafute japo pete ya chuma. Hata hiyo hakuipata, na mwishowe akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Chuma basi kimeshatajwa katika mahari, na aliyekitaja ni mbora wa viumbe. Ndani ya Qur'ani ipo sura nzima yenye jina la chuma, Surat al-Hadid, inayotukumbusha kuwa ndani yake mna nguvu na manufaa kwa watu. Na Nabii Daud, alayhi salaam, alilainishiwa chuma, akawa anakula kwa kazi ya mikono yake.

Mahari ya jembe ilikuwa na maana nyingine. Jembe linafanya kazi. Seti ya dhahabu inayovaliwa siku moja na kurudishwa kwa mwenyewe aliyeikodisha, hiyo haijamlisha mtu. Hatusemi mabinti wadai majembe. Tunasema mtu asimcheke babu wa mume wake kwa kutoa kitu kilichokuwa na thamani kuliko vitu vyetu vingi.

Nguo, na bandari yetu

Kuna upande mwingine wa historia hii unaotugusa sisi wa cherehani na sisi wa kisiwani.

Ufipa ilikuwa na nguo yake. Pamba ililimwa, hasa kwenye joto la Bonde la Rukwa, ikasokotwa uzi, ikafumwa kitambaa kizito kilichojulikana kama seketa. David Livingstone alipopita kandokando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1872, miezi michache kabla ya kufa kwake, aliandika kuhusu pamba na ufumaji wa watu wa upande huo. Fikiria kazi iliyomo: kulima, kuchuma, kutoa mbegu, kusokota, kutandaza nyuzi, kufuma. Sisi tunaonunua kitambaa kwa mita na kulalamika foleni ya duka, tunyamaze kidogo.

Wakati huohuo bandari ya Unguja ilikuwa inajaa kitambaa cha nje. Mwaka 1833 Seyyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na mabalo ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts yakamiminika. Ndiyo maana mpaka leo tunasema merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilipokatiza biashara ile, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikashika nafasi. Misafara ikabeba nguo hizo, shanga na waya mpaka Tabora, Ujiji na nchi za Ziwa Tanganyika. Ilirudi na pembe za ndovu, na ilirudi na watu waliofungwa minyororo. Wengine kati ya waliouzwa Mkunazini walitoka nchi za mbali za bara kama hizo, na wengine ni mababu na mabibi wa watu wa kisiwani hapa. Hili ni zito, lakini anayesema bara hakutuhusu hajui damu yake imepita wapi.

Merikani ilikuwa nyepesi, nyeupe, na haikuhitaji miezi ya kusokota. Mfumaji wa seketa hakuweza kushindana nayo. Kiti cha kufumia kikaachwa, na mtoto hakufundishwa. Sehemu ya utajiri wa sanduku la bi harusi wa kisiwani, kutoka enzi za mabibi zetu, ilijengwa na biashara hiyohiyo.

Chuma kilifuata njia hiyo. Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa White Fathers, walishika kituo cha Karema mwaka 1885. Wajerumani wakaja na boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg, na wakaleta kodi ya kulipwa kwa fedha. Majembe ya viwandani ya Ulaya yakauzwa madukani kwa bei ambayo ilungu lisingeweza kuifuata. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, chini ya Waingereza, moto uliendelea kuzimika. R. C. H. Greig alipochapisha maelezo yake kuhusu chuma cha Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, kazi ilikuwa karibu imekwisha. Wazee waliojenga malungu baadaye waliyajenga kwa kuonyesha watafiti tu.

Vijana wa wahunzi walikwenda wapi? Walikwenda kutafuta fedha ya kodi na ya mahari, ambayo sasa ilidaiwa kwa shilingi. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, katika miaka ya 1920 na 1930. Wengine walikwenda kwenye mkonge wa Tanga. Baadaye ikaja risasi ya Mpanda, mgodi uliojengewa tawi la reli kutoka Kaliua, kisha ukafungwa mwaka 1960. Watu waliojua kutoa chuma ardhini kwa mikono yao wakawa vibarua wa kuchimba madini ya kampuni. Mke alibaki na matuta, na jembe la dukani.

Bi harusi ufanye nini na habari hii

Leo aliyeuona moto wa ilungu kwa kazi ya kweli hayupo. Waliopo ni waliosimuliwa na wazazi wao, nao ni wazee. Malungu yenyewe yanaliwa na mvua, mengine yako katikati ya mashamba, na ng'ombe wanajikuna humo. Watoto wanaokota mawe meusi mazito, mavi ya chuma, bila kujua kuwa ni mabaki ya kazi ya babu zao. Kila mazishi yanaondoka na maneno ambayo hayajaandikwa.

Kwa hiyo kuunga udugu kwako kuwe na faida ya ziada. Ukifika ukweni, mkae mama mkwe, na bibi kama yupo. Umsalimie kama unavyofundishwa na somo wako, kwa magoti na kwa subira. Halafu umuulize. Babu alikuwa fundi wa nini? Mahari yako ilikuwa nini? Ilungu la karibu liko wapi, na lilikuwa la ukoo gani? Tumeona wenyewe: mgeni anayeuliza habari za chakula tu hupewa chakula, na mgeni anayeuliza habari za wazee hupewa kiti na kusogezewa moto. Wifi zako nao watakaa wasikilize, kwani mara nyingi hawajawahi kuuliza.

Andika majina. Simu yako inayorekodi nyimbo za harusi inaweza kurekodi sauti ya bibi, kwa ruhusa yake. Usiokote kitu kwenye ilungu ukakileta kisiwani kuwa pambo, maana ni mali ya ukoo na ya nchi. Ukienda na zawadi, kanga zinapendwa, na kitenge kizito ni bora zaidi kwa baridi ile. Na wakikupa jembe jipya siku ya kukuonyesha shamba, lipokee kwa mikono miwili.

Kwa mama anayelia tunasema hivi: binti yako haendi porini. Anakwenda kwa watu waliojua kulivisha tanuri heshima ya bi harusi. Mwombee dua, mfungie sweta kwenye begi, na mwambie akirudi likizo aje na habari za kutusimulia.

Allah awabariki wanandoa wote, awakusanye katika kheri. Amin.